Dawa ya Sungura

Mama yangu ni fundi cherehani. Mteja akimletea kitambaa atakipima mbele yake, atakipima tena mteja akiondoka, kisha atanong'ona kwamba kimepungua. Hamwamini mtu. Tangu baba afariki, anayelala miguuni pake akishona ni sungura mmoja mweupe tunayemwita Mheshimiwa, na anavyomlinda sungura huyo hajawahi kutulinda sisi wanawe.

Mwaka huu Mheshimiwa alianza kukonda. Akaharisha, manyoya ya nyuma yakagandana, tumbo likavimba huku mbavu zikitokeza. Jicho la mama likamwangukia wifi yangu, mke wa kaka, tunayeishi naye. Wifi aliwahi kulalamika kuhusu harufu ya sungura. Hilo tu lilimtosha mama.

Siku moja akamsikia wifi jikoni akiongea na simu: "Naomba dawa ya sungura. Eeh, ile ya kutia kwenye maji."

Mama akanijia amekodoa macho.

"Dawa ya panya inafanya nini?"

"Inaua panya."

"Ya mende je?"

"Si inaua mende, mama."

"Haya," akasema, akarudi kwenye cherehani. Nilidhani ni utani wake.

Basi kila asubuhi wifi alidondosha dawa kwenye bakuli la maji la Mheshimiwa, akaenda kazini. Naye mama, mlango ukishafungwa tu, alimwaga yale maji, akatia mengine, akaketi kushona roho imetulia.

Sungura akazidi kudhoofu. Wifi ndiye aliyemwita daktari wa mifugo, yule yule aliyempelekea kinyesi cha sungura mwanzoni, amekifunga kwenye mfuko wa plastiki. Daktari akapima tena.

"Vimelea vya utumbo ni vile vile, tena vimeongezeka," akasema. "Dawa imeshindwa. Itabidi nimchome sindano kali, na kwa hali hii sijui kama ataihimili."

"Lakini nimemtilia kila siku, daktari," wifi akasema. "Hata mama ameona."

Mama alishika mkasi, hakati kitu. Akinyamaza, aibu yake imefichika na sungura anachomwa.

"Usimchome," akasema. "Hajainywa. Nilikuwa naimwaga."

"Kwa nini, mama?" wifi akauliza polepole.

"Nilisikia dawa ya sungura. Nikajua ni kama ya panya."

Wifi hakugomba. Alileta chupa, akamwekea mkononi. "Mtilie mwenyewe, mama." Mama akafungua kifuniko, akainusa kwanza. Sote tulimwona.

Mheshimiwa amepona, ananenepa. Wifi bado anamwita mama, bado anampakulia chakula. Ila sasa, kabla ya kumsogezea sahani, huchota kijiko kimoja, akakila mbele yake, ndipo akaketi. Mama huinamisha kichwa, akala. Jana aliniambia ni heri angemtukana.