Uwanja Usikae Mtupu

Marehemu baba yangu alikuwa mwakilishi wa wafanyakazi katika kiwanda cha sabuni, refa wa mtaa mzima, na baba wa watoto watano, mimi nikiwa mzigo wao. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sina kazi isipokuwa kukalia kochi letu pale Umoja hadi likashika umbo langu.

Uvumi ulipoenea kwamba bwana mmoja amepata karatasi za uwanja wetu na anataka kuuzungushia mabati, Baba hakupiga kelele. Alipanga shifti, kama kiwandani. Uwanja usikae mtupu mchana hata kidogo, kwa sababu wanyakuzi huja pasipo watu. Asubuhi wazee wa mazoezi, jioni vijana wa kandanda, Alhamisi kwaya. Mimi nikapewa saa saba hadi saa tisa, pamoja na mpira wa netiboli na wasichana wanne wa majirani.

"Kukhu," aliniambia, maana nina jina la mamake na kwetu Uluhyani nyanya huitwa hivyo, "nakuachia saa mbili tu. Kochi halitakimbia."

Siku ya tatu jua lilikuwa kali, na kipindi changu cha televisheni kilikuwa kimefika kwenye harusi. Nikawaruhusu wasichana waende. Niliporudi saa tisa, nguzo kumi na mbili zilikuwa zimesimama katikati ya uwanja, simenti ingali mbichi.

Baba alipotoka kazini alikuta vijana wanataka kuzing'oa. Akakataa.

"Siku za mgomo tuliwahi kugusa mashine ya mtu? Mkizing'oa, nyinyi mtalala seli na yeye atabaki na uwanja."

Kisha akanigeukia. "Harusi ilikuwaje?"

"Bibi harusi alitoroka, Baba."

"Kumbe mlikuwa wawili."

Jumamosi lori la mabati lilipokuja, lilikuta mechi inachezwa katikati ya nguzo, mtaa wote umejaa pembeni, kwaya inaimba. Baba, filimbi shingoni, aliwaambia wangojee mpira uishe. Haukuisha. Timu moja ikichoka, nyingine inaingia. Hata mimi niliwekwa golini, nikafungwa mabao ambayo sitayataja. Mwenye karatasi alikaa garini mwake akipiga simu.

Ilipofika saa kumi na moja, Baba alilisogelea lori, akawasalimu dereva na vibarua wake.

"Wazee, mmeanza kazi saa ngapi?"

"Saa mbili."

"Na ovataimu mmeelewana?"

Wakatazamana. Hakuna aliyekuwa ameelewana na mtu. Baba akawashauri wamuulize mkubwa wao kwa adabu, wote pamoja, si mmoja mmoja. Wakaenda. Jibu sikulisikia, lakini niliona dereva akirudi kichwa juu, akawasha lori na kuondoka na mabati yote.

Jumatatu Baba aliomba ruhusa kazini, akapeleka sahihi za wakazi kwenye ofisi ya ardhi, nami nikimbebea faili. Ujenzi ulisimamishwa. Nguzo zenyewe zilibaki, maana hakuna aliyekubali kuwa ni zake.

Timu za mitaa mingine hulalamika kwamba vijana wetu wana chenga zisizo za kawaida. Wamekua wakizikwepa nguzo kumi na mbili. Sifa zote humwendea Baba, na ni haki yake, ila mimi huwakumbusha watu, kwa unyenyekevu, kwamba hata mimi nilichangia.