Majani Mazuri ya Mama Enesi

Enesi wa Iyula aliwasomesha watoto sita kwa kahawa. Mumewe alipofariki, alibaki na mikahawa, miti ya zamani mia moja na arobaini, juu ya kilima, na hakuna aliyejua mbegu yake ilitoka wapi. Mwaka jana mvua zilikatika mapema. Mashamba ya jirani yalikauka, lakini mikahawa yake ilisinyaa mchana na kuinuka tena asubuhi.

Mwanawe, Hezron, alitaka kuing'oa apande parachichi. Enesi akamwomba asubiri vipimo vyetu sisi watafiti wa kahawa.

Tulikuwa tunapima vimeng'enya. Jani likikosa maji, ndani yake huzaliwa sumu inayoliunguza, na mmea shupavu hutengeneza vimeng'enya vingi vya kuizima. Majani huchumwa saa saba, jua likiwa kali, na kutiwa kwenye barafu papo hapo. Siku ya kuchuma nilikuwa na shamba jingine la kupima, kijiji jirani cha Ruanda, kwa hiyo asubuhi nilimwachia Enesi boksi la barafu.

"Ikifika saa saba, Mama, unichumie majani mazuri," nilimwambia. Nilimaanisha yanayofaa kupimwa.

Mwezi uliofuata nilirudi na majibu kutoka maabara. Vimeng'enya vilikuwa vichache, kama vya mmea usiojua kiu. Nikawaeleza kwamba mikahawa ile haikuwa na cha pekee.

"Kumbe majani yamefeli," Hezron alisema. "Mama, hayo hata kwa tuisheni hayafaulu."

Enesi hakucheka. "Basi ng'oa, mwanangu."

Niliondoka bila amani. Mmea usio na kinga ungewezaje kuinuka kila asubuhi? Baada ya wiki tatu nilirudi kuchuma upya, mwenyewe. Nilikuta mashimo. Mikahawa ilikuwa imelundikwa kando, mizizi juu, tayari kwa kuni.

Nikamwuliza Enesi alichumaje siku ile.

"Nilipanda kilimani saa saba, kama ulivyosema. Majani nikayakuta yamejikunja, yamelegea kama matambara. Nikaona aibu. Mgeni ametoka mjini, nimfungashie takataka? Nikashuka kuchuma kwenye ule mche wa kahawa wa mgao, tuliogawiwa bure, hapo nyuma ya jiko. Naumwagia maji ya vyombo kila siku. Majani yake yanang'aa. Nikayafuta hata vumbi."

Nilimweleza kwamba yaliyojikunja ndiyo niliyoyahitaji, na kwamba kosa lilikuwa langu. Hezron aliweka jembe chini. Safari hii hakuwa na utani.

"Hatuwezi kuotesha hata mmoja?" aliuliza.

Tulipekua rundo lote, yeye upande mmoja na mimi mwingine, tukitafuta kijiti chenye ubichi. Kila tulichokunja kilikatika.

Enesi alikuwa amesimama akitutazama.

"Ungesema yaliyochoka, mwanangu," aliniambia taratibu. "Ningekujazia boksi."