Mwalimu wa Kuogelea wa Musanda

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja nilipofungua shule ya kuogelea, na sikuwa najua kuogelea. Ninalisema hilo mapema kwa sababu nimegundua kwamba mtu akisimulia utoto wake vizuri, wasomaji huanza kumpenda kabla hawajajua alifanya nini, na mimi nimeshapendwa hivyo kwa miaka sita, inatosha. Shule yenyewe ilikuwa ukingoni mwa mto Nzoia, huku kwetu Musanda, pale shamba letu la miwa linapoishia na nyasi kuanza. Ilikuwa na harufu yake: matope, sabuni ya kipande ya akina mama waliofua upande wa juu, na ule moshi wa miwa iliyochomwa ambao ni mtamu puani halafu unakwama kooni. Nilikuwa na wanafunzi saba. Ada ilikuwa kipande cha muwa chenye vifundo vitatu kila somo, na aliyekosa muwa aliruhusiwa kulipa mapera. Walilala kifudifudi kwenye nyasi, wakarusha mikono na kupiga miguu huku mimi nikipita katikati yao na kijiti, nikiwagusa visigino na kusema, "Wewe unazama. Wewe pia umezama. Huyu ataokolewa." Nilikuwa na mitindo mitatu, yote niliibuni mwenyewe njiani nikitoka kuchota maji: mtindo wa pweza, mtindo wa meli, na mtindo wa kontena, ambao kusema kweli ulikuwa ni kulala tu bila kufanya chochote.

Ili uelewe ni vipi watoto saba wenye akili zao walikubali kuogelea juu ya nyasi, ni lazima ujue vile watu wa kwetu wanavyoiwaza Mombasa. Kwao, kila aliyeishi Mombasa aliishi ndani ya maji. Sisi tuliishi Mikindani, chumba kimoja, baba akiwa utingo wa malori ya kontena, na bahari niliiona kila siku ikimetameta kule chini kama kitu cha wenyewe. Sikuwa na ruhusa ya kuigusa. Mama yangu alizaliwa Butere, mbali na maji yoyote ya kutisha, na bahari aliiogopa kama mtu aliyemtishia kwa jina. Alikuwa na kipimo chake. Nikichelewa kurudi nyumbani alinishika mkono, akaulamba hapo juu ya kiwiko, taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi. Akikuta chumvi, nilichapwa. Mara mbili ilikuwa jasho la mpira tu, nikachapwa kwa ajili ya bahari ambayo sikuwa nimeikaribia. Basi baada ya kuishi miaka kumi kando ya maji mengi hivyo, nilichoweza, kwa kuiba iba, kilikuwa kupiga mikono mara nne nikielea. Nne, nimezihesabu. Ya tano ilinikuta chini.

Kisha kazi ya baba ikaisha, tukarudi Musanda na godoro, sufuria na televisheni isiyowaka. Mtu akirudi kutoka mjini bila kitu, kijijini hawamtukani. Wanamwuliza tu maswali kwa upole. Mlifika salama? Mizigo mingine inakuja lini? Baba alijibu kwa wiki mbili, halafu akaacha kutoka nje. Mimi niliulizwa na Bravin. Bravin alikuwa mtoto wa baba mkubwa, boma lao limepakana na letu, alinizidi miaka miwili na kichwa kizima. Alikuja siku ya kwanza na watoto wengine nyuma yake, akaniangalia viatu, akaniangalia tena.

"Sasa nyinyi huko Mombasa mlikuwa mnafanyanga nini?"

"Kuogelea," nikasema.

"Wewe unajua?"

"Mtu wa Mombasa anaogeleanga hata akilala, buda. Sisi tunafundishwa kabla ya kutembea."

Ningesema jambo lingine lolote. Ningesema nimeona meli, na hilo lilikuwa kweli. Lakini Bravin aligeuka kwa wenzake na uso wake ulikuwa umefunguka, akasema, "Mnaona? Niliwaambia binamu yangu si wa mchezo," na tangu hapo nikaitwa Mombasa, na sikuwa tena mtoto wa yule mtu aliyerudi na televisheni mbovu. Bravin ndiye aliyenitangaza. Alinitangaza shuleni, akanitangaza kanisani, akanitangaza kwa wachimba mchanga wa mtoni ambao walikuwa watu wazima na hawakuwa wamemwuliza kitu. Na yeye ndiye aliyelala mbele kabisa kwenye nyasi, akipiga miguu kwa bidii mpaka nyasi zikaisha pale.

Kuna siku waliniomba niingie majini wenyewe wanione. Nikawaambia maji ya mto ni mepesi, hayana chumvi, mtu aliyezoea bahari lazima ayazoee polepole asije akapasuka kifua. Walikubali. Mtoto mmoja hata alinionea huruma. Nilipobanwa zaidi, niliingia pale kwenye mchanga, maji yakiwa ya magotini, nikalala na kutembea kwa mikono chini huku miguu ikirusha maji juu. Ukitazama kutoka ukingoni huwezi kujua. Akina mama waliacha kufua, wakatazama. Mmoja wao akasema, "Huyu mtoto ni samaki," na nikiwa pale, tumbo likikwaruzwa na mchanga, niliamini kidogo. Kuanzia siku hiyo akina mama wakawa wanawaacha watoto wao wadogo karibu nami. "Mombasa yuko," walisema, wakaenda kuanika nguo.

Aprili ile mvua ilinyesha vizuri, watu wakafurahi kwa ajili ya mahindi, na mto ukageuka rangi ya chai ya maziwa. Tulikuwa likizo. Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, jua limetoka, hakuna mtu aliyekuwa akifanya jambo la hatari. Bravin alikuwa amekuja kuchota maji na mtungi wa plastiki wa lita ishirini. Mtungi ukamponyoka, ukaanza kuondoka polepole, na yeye akaufuata. Nilimwona akicheka. Maji yalimfika kiunoni, yakamfika kifuani, kisha akakanyaga yale mashimo wanayoyaacha wachimba mchanga, na kichwa kikapotea. Kikarudi. Alikuwa anapiga mikono. Nasema hili kwa sababu nililiona vizuri: alikuwa anapiga mtindo wa pweza, kama nilivyomfundisha.

Upande wetu wa mto, hatua kama thelathini chini, alikuwepo mchimba mchanga mmoja, Okwaro, mtu mkimya mwenye mabega mapana, aliyejua mto ule tangu utotoni. Okwaro alitupa sepetu. Aliketi chini ili avue gambuti, akavua moja. Ndipo mama mmoja, mwema tu, mwenye sabuni mikononi, akasema kwa sauti ya kumtuliza, "Wacha, Okwaro, utajiumiza bure. Mombasa si yuko hapo?"

Na Okwaro akangoja. Aliniangalia, mkono ukiwa kwenye gambuti ya pili, akangoja. Wote waliniangalia. Hawakuwa na hofu, na ndilo jambo ambalo sijawahi kufaulu kumweleza mtu. Walikuwa na nyuso za watu wanaongoja gari ambalo wameshaliona linakuja.

"Ingia, Mombasa," mtu akasema. "Ingia, mtoto wa wenyewe."

Niliingia. Maji yalinifika magotini, kiunoni, hapa kifuani. Mchanga ulikuwa unatoka chini ya nyayo zangu. Bravin aliniona. Sitasema nilisoma nini machoni pake, kwa sababu alikuwa mbali na maji yalikuwa yanamwingia. Najua tu kwamba aliacha kupiga mikono, na nafikiri aliacha kwa sababu alijua nimefika. Nikageuka, nikarudi. Sikupiga hata zile mara nne zangu. Niligeuka nikatembea kurudi ukingoni, maji yakinivuta nyuma, na nilipoinua uso nilimwona Okwaro akinitazama na akielewa. Alijitupa majini na gambuti moja mguuni. Alizama na kuibuka, akazama na kuibuka, mpaka wenzake wakamtoa kwa nguvu. Bravin alionekana siku ya tatu, mbali huko chini, kwenye matete.

Kwenye matanga nilitarajia kuchapwa. Nilikuwa tayari, hata nilivaa suruali mbili. Lakini hadithi ilikuwa imeshatengenezwa kabla sijafika, na haikutengenezwa na mimi. Waliokuwa ukingoni walikuwa wameniona nikiingia mpaka kifuani na kurudi, na wao walijua mimi ni samaki, kwa hiyo walikuwa na jibu moja tu: maji yalikuwa na nguvu isiyo ya kawaida. Mhubiri alilisema mbele ya jeneza. Hata mwana wa bahari alijaribu, akasema, Mungu alikuwa amekwisha kuamua. Mama Bravin alinishika mkono mbele ya watu wote. Hakuwa analia wakati huo, sauti yake ilikuwa imekwisha. "Huyu ndiye aliingia," akasema. "Kama huyu alishindwa, mimi nitamlaumu nani?" Kisha, chakula kilipoletwa, akaniwekea juu ya obusuma wangu, yaani ugali, firigisi ya kuku. Wale ambao si wa kwetu pengine hawajui: firigisi ni ya mwenye boma. Mtoto haigusi, na kuna watu wazima wanaogombana kwa ajili yake. Baba yangu mwenyewe alikuwa ameketi pale. Niliitafuna mpaka taya zikaniuma, ikakataa kushuka. Nikaenda nyuma ya nyumba nikaitema, nikaifunika na udongo kwa mguu kama paka.

Kila Desemba Mama Bravin huchinja kuku, ananiita, na firigisi ni yangu. Siku hizi nameza. Hilo ndilo badiliko kubwa kati ya wakati ule na sasa, kama unatafuta mabadiliko. Niko kidato cha tatu, shule ya bweni Kakamega mjini, na darasani mimi ndiye mchekeshaji. Naigiza mwalimu wa zamu, naigiza mpishi, naweza kulichekesha bweni zima hadi mtu anashika tumbo akiomba niache. Tulipopelekwa ziara mahali penye bwawa la kuogelea nilisema nina kifua. Walinicheka, nami nikaigiza mtu mwenye kifua, ikapita. Musanda watoto hawaendi tena mtoni bila mtu mzima, na yale masomo yangu ya nyasi yanasimuliwa kama kitu kizuri, eti laiti Bravin angemaliza yote. Mwaka jana mtoto wa jirani, ana miaka saba, aliniuliza kama nitampa somo. Nilimwambia shule imefungwa. "Itafunguliwa lini?" akauliza.

Okwaro aliacha mchanga. Anakata miwa ya watu sasa, na anakunywa. Kwa miaka mitano tulipishana njiani kila mmoja akitazama upande wake, nami nilidhani ananichukia, nikaona ni haki yake. Desemba iliyopita nilimkuta ameketi kwenye daraja dogo la shamba, na alikuwa hajalewa bado. Alinisogezea nafasi. Alikuwa akivunja vunja jani la muwa. "Wewe ulikuwa mtoto," akasema. "Mimi ningevua tu ile gambuti nyingine. Mtu mzima hangojangi mtoto." Nilitaka kumwambia kwamba alingoja kwa sababu mimi niliidanganya dunia nzima, kwamba mtu yeyote mwenye akili angengoja. Nilifungua mdomo na kilichotoka ni mzaha, kuhusu gambuti. Hakucheka. Aliinuka akaenda zake.

Nikikaa kimya, Okwaro anabaki na lawama yote, naye hakukosa kitu. Nikisema, Mama Bravin, ambaye analala usiku kwa sababu anaamini kulikuwa na mtu anayeweza na ikashindikana, atajua kwamba hakukuwa na mtu, na kwamba yule aliyeweza alizuiwa kwa ajili yangu, na kwamba ametulisha firigisi mimi na uongo wangu Desemba zote hizi. Nimelipima pande zote mbili kama hesabu, na kila upande unaishia kwa mtu aliyevunjika. Jioni ile ile niliyokaa na Okwaro darajani, kabla ya giza, nilimkuta mama jikoni akichambua maharagwe kwenye ungo. Nilimwambia yote. Nilimwambia kuhusu mikono kwenye mchanga, kuhusu Okwaro kungoja, kuhusu kugeuka. Nikamwambia kesho naenda kwa Mama Bravin. Mama hakuinua macho. Alitoa jiwe moja, akatoa lingine, mpaka maharagwe yakawa safi na vidole vyake bado vinatafuta. Kisha akasema, na hapa siongezi wala sipunguzi neno:

"Ile siku ya kwanza ulipowaambia unajua kuogelea, nilikuwa mlangoni, nilikusikia. Nilijua hujui. Nikacheka, nikasema wacha na yeye awe na kitu. Kwa hivyo ukienda kwa Mama Bravin, usianze na wewe. Anza na mimi."