Kahawa ya Bibi Ndani ya Basi la Muleba

Juzi mjukuu wangu anayepanga chumba Kashai, Bukoba mjini, alinijia na kipakiti cha kahawa ya kutafuna, ile sisi Wahaya tunayoiita akamwani. Alikuwa hajakifungua, lakini mimi harufu ilinifikia akiwa bado mlangoni anavua viatu: majani yaliyochemshwa, moshi kidogo, na jua. Jua nalo lina harufu, msinibishie. Anika kahawa mkekani siku nne halafu uinuse, ndipo uje tubishane. Basi ile harufu ilininyanyua kitini ikanitupa ndani ya basi la Muleba, nikiwa na miaka minane au tisa. Sina uhakika, maana mama yangu alihesabu umri wetu kwa mavuno na baba aliuhesabu kwa mapadri waliopita parokia ya Kashozi, na hesabu zao hazikuwahi kukutana.

Nawasimulia nyinyi kwa sababu wanangu wameshaichoka habari hii. Na shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo mkiona nimepinda njia mnisubiri, nitarudi.

Siku hizi mtu anakwenda Muleba na kurudi maharage yakiwa bado jikoni. Anakaa kwenye gari anatazama simu mpaka anafika, ukimuuliza ameona nini anakwambia foleni. Sisi watoto wa kijiji cha Kaagya basi tulilijua kwa kuhadithiwa. Binamu yangu mmoja, muongo wa kuzaliwa, aliwahi kulipanda akaturudia na habari kwamba ukikaa dirishani miti yote inakimbia kurudi Bukoba, na ukishuka unaikuta imechoka. Nililala na maneno hayo kichwani sijui mara ngapi. Hata nilipokuwa napalilia nilikuwa naitazama migomba, nawaza kwamba na hii nayo siku moja nitaikimbiza.

Siku yenyewe ilikuja kwa sababu ya ugomvi.

Baba yangu alikuwa na kaka yake mmoja tu, Baba Mkubwa, aliyehamia Muleba zamani akafungua shamba lake huko. Babu alipofariki aliacha maneno kwamba kibanja chetu cha Kaagya, nyumba na migomba na mibuni, kibaki kwa Baba kwa kuwa ndiye aliyekaa na wazee. Baba Mkubwa akasema mkubwa ni mkubwa hata akihamia mwezini. Waligombana matanga hayajaisha, watu wanasikia. Mkubwa akaapa hatakanyaga pale mpaka aitwe, na mdogo akaapa hatamwita. Miaka sita ikapita. Bibi yangu, mama yao, akawa mtu wa kukaa uani akitazama njia.

Mwaka huo Bibi alichoka. Akamnunia Baba. Siku tatu nzima alizungumza na mbuzi tu, tena kwa sauti ili Baba asikie. "Wewe mbuzi una bahati, wanao wote wamelala zizi moja." Siku ya nne Baba alisalimu amri.

"Nitakwenda," akasema. "Lakini maneno ya kumwambia sina."

"Nani kakuomba maneno?" Bibi akamjibu. "Utapeleka kahawa yangu. Ukishamwekea mbele akala, imekwisha."

Kwetu ndivyo ilivyo. Mgeni akiingia, kabla hajaulizwa habari, mtoto anakuja na kikapu kidogo chenye kahawa, anapiga magoti, mgeni anachukua mbili tatu anatafuna. Ukishakula kahawa ya mtu humkasirikii tena siku hiyo. Bibi alichuma kwa mkono wake kwenye mibuni aliyoipanda Babu, ile ile iliyoleta ugomvi, akaichemsha na majani yake ya siri, akaianika, akakijaza kikapu kilichosukwa vizuri chenye kifuniko. Halafu akasema nikibebe mimi, kwa sababu mtoto hafukuzwi mlangoni.

Aliniinamia akanifunga kilemba. "Koku," ndilo jina langu, "hicho kikapu usikiweke chini. Na mtu akikaa karibu nawe mheshimu kama ulivyofundishwa, asije akasema umetoka kwa watu wasio na adabu."

Hayo ndiyo aliyosema, neno kwa neno, na mimi nikayashika yote. Nataka mlijue hilo mapema.

Jamani, lile basi! Lilikuwa limesimama pale stendi ya Bukoba linatetemeka lenyewe kama ng'ombe anayefukuza nzi. Juu wamepanga mikungu ya ndizi mpaka ungedhani limeota shamba. Nilipokanyaga ngazi, ule mtetemo ulinipanda kutoka miguuni ukanitokea menoni, nikacheka peke yangu. Baba alinikalisha kiti cha dirishani. Yeye alipata nafasi mbele kabisa, juu ya kile kifuniko cha injini pembeni ya dereva, akakaa ametugeuzia mgongo, anatazama barabara kama mtu anayepelekwa mahakamani. Injini ilivyokuwa inaunguruma, hata ungemwita kwa tarumbeta asingesikia.

Tukaondoka. Na kweli miti ikaanza kukimbia! Yule muongo kumbe safari hii alikuwa mkweli. Pale Rwamishenye akapanda mama mmoja mnene mchangamfu, Ma Yustina, akakaa pembeni yangu na kiti kikalia. Mtu amekaa karibu nami. Nikateremka kitini, nikajibana kati ya magoti yake na kiti cha mbele, nikapiga magoti, nikafungua kikapu.

"Karibu, waitu," nikasema, neno letu la heshima.

Alinitazama, akatazama kikapu, akashika kifua. "Yee! Mtoto wa nani huyu? Kasinge, asante, mwanangu." Akachukua mbili. Hakuna Mhaya anayekataa kahawa ya mtoto aliyepiga magoti. Akatafuna, akafumba macho. "Hii kahawa imepikwa na mtu mzima."

Basi nikafanya hesabu yangu. Nyuma yetu walikaa wawili, hao nao wako karibu. Mbele wawili. Upande wa pili watatu. Nikaanza kuzunguka. Basi linayumba, mimi nayumba, kikapu nimekikumbatia. Nikifika kwa mtu nasubiri lipite shimo ndipo napiga magoti. Konda akanipigia kelele kutoka mlangoni.

"We mtoto, umeangusha nini huko chini?"

"Sijaangusha. Nakaribisha wageni."

Basi zima likaangua kicheko. Konda akasema, "Mimi je? Au mwenye nyumba amenisahau?" Nikampelekea na yeye. Mzee mmoja mwenye fimbo, aliyekuwa anakwenda kumwona binti yake, akaniuliza kahawa tamu hivi ni ya nani.

"Ya Bibi yangu. Tunampelekea Baba Mkubwa Muleba aache kumnunia Baba."

"Na Baba ni yupi?"

"Yule pale kwenye injini. Yeye maneno hana."

Wakacheka mpaka mzee akapaliwa. Halafu wakautazama ule mgongo wa Baba, na mimi sikuelewa wanatazama nini. Nilikuwa na shughuli. Tulipofika Kemondo, ziwa lilijitokeza lote kwa mara moja, limelala linametameta, nikapiga kelele "Maji!" kama vile nimeyazaa mimi. Wakashuka wanne, wakapanda watano. Wageni wapya! Kupandisha kilima kuelekea Muhutwe basi lilinguruma kwa uchungu, abiria wote tukainama mbele kulisaidia, na lilipofika juu upepo ukaingia madirishani ukanipulizia kilemba usoni. Sijawahi kulewa pombe maishani mwangu, lakini nadhani walevi wanatafuta kitu kama kile. Nilikuwa na nyumba inayokimbia, imejaa wageni, na wote wanatafuna.

Tulipofika Muleba, Baba akanijia. "Lete kikapu."

Akakipokea. Nikaona mkono wake unapanda juu kuliko alivyotegemea, kama mtu aliyeinua ndoo akidhani ina maji. Akafungua. Ndani mlikuwa na yale majani ya kutandikia tu.

"Koku. Iko wapi?"

"Nimewakaribisha watu, Baba. Walikaa karibu nami."

Hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alikaa kwenye ngazi ya basi, kikapu mapajani, akasema taratibu, "Basi. Tunarudi na gari hili hili." Hapo ndipo furaha yangu yote ilipokauka. Kuna kitu kikubwa nimekivunja, hilo nililiona.

Ma Yustina alikuwa anashusha mizigo yake. "Unarudi wapi, Baba Koku?"

"Mama yangu alinipa kitu kimoja cha kusema. Kimeliwa."

"Kimeliwa na nani? Na sisi," akasema Ma Yustina. Akamgeukia mzee wa fimbo. "Mzee, wewe unaweza kula kahawa ya kupatanisha watu halafu ukaenda zako kulala?"

"Mimi bado iko mdomoni," mzee akasema.

Wakaamua wenyewe. Watakwenda na sisi, wamweleze Baba Mkubwa kwamba kahawa ya mama yake ilikuja, ilikuwa tamu, na walioila ni hawa hapa. Konda naye akasema basi linapakia mizigo, ana nafasi, atakwenda. Tukawa watano pamoja na mimi. Kutoka barabarani mpaka kwa Baba Mkubwa ni kilima kile cha kukata pumzi, jua kali. Ma Yustina akajitupia kitenge kichwani. Tukapanda bila kuongea, mmoja nyuma ya mwingine katikati ya migomba, Baba mbele ameinamisha kichwa, mimi nyuma yake na kikapu kitupu.

Baba Mkubwa alikuwa uani anaondoa majani makavu kwenye migomba kwa panga. Alisikia nyayo, akageuka.

Akamwona mdogo wake ambaye hajamtia machoni miaka sita. Nyuma yake mtoto. Nyuma ya mtoto watu asiowajua, wametoka kwenye basi la Bukoba, mwanamke kajifunika kichwa, na hakuna anayesema neno.

Panga likamtoka mkononi.

"Mama," akasema. Hakupiga kelele. Alisema kama mtu anayemwita aliye chumba cha pili. Halafu akakimbia, mtu mzima, mvi zimeshamtoka, akamwangukia Baba shingoni akamkumbatia na kulia. "Amekwenda lini? Mdogo wangu, amekwenda lini na mimi sikuja?"

Baba alisimama mikono inaning'inia. Aliyezinduka kwanza ni Ma Yustina. Akapiga makofi kwa nguvu.

"Hee! Yupo hai, waitu! Mama yako yupo mzima! Amekutumia kahawa, tumeila sisi!"

Baba Mkubwa aliganda. Akatutazama mmoja mmoja, akafika kwa konda aliyekuwa anaitikia kwa kichwa kwa bidii kuthibitisha. Akakaa chini pale pale kwenye majani makavu, na sasa ndipo alipolia kweli, anacheka humo humo ndani ya kilio.

Mimi nikajua analilia kahawa yake niliyoimaliza. Nikaenda nikapiga magoti mbele yake.

"Baba Mkubwa, usilie. Nyumbani ipo nyingine. Twende ukale."

Alijifuta uso kwa kiganja chenye udongo. Akamtazama Baba.

"Unamsikia mwanao?"

"Namsikia."

"Ni kweli ipo?"

"Ipo," Baba akasema. "Ameianika mkeka mzima."

Hayo ndiyo mazungumzo yao ya kwanza baada ya miaka sita, na yalikuwa ya mkeka. Baba Mkubwa akainuka, akauliza basi linageuza saa ngapi. Konda akamwambia, "Linanisubiri mimi, mzee, kama hamtaki nifukuzwe kazi tukimbie." Tukakimbia! Tuliteremka kile kilima kama watoto wa shule, honi inalia huko barabarani, Baba Mkubwa kashika viatu mkononi. Kurudi nilikaa katikati yao. Sikuona dirisha hata kidogo, wala sikulalamika.

Kibanja kilibaki kwa Baba. Baba Mkubwa hakukitaja tena, akawa anakuja kila mavuno.

Nilipokuwa msichana nilijisifu miaka mingi kwamba kahawa ya kwetu ni tamu mpaka mtu mzima aliililia. Mama alikuwa anacheka, hanisahihishi. Nilikuja kuelewa nikiwa nimeolewa, mke wa mtu, nina watoto watatu. Nilikuwa nachuma kahawa, nikaona watu wanne wameacha barabara wanaingia kwangu, mdogo wangu mbele, wanatembea kimya. Nilimwaga kahawa yote. Nikasimama nawatazama mikono, nasubiri mmoja apige makofi aseme mama yako yupo. Walikuja mpaka wakanifikia, na hakuna aliyepiga.

Siku hiyo ndipo nilipojua Baba Mkubwa alipewa nini pale uani kwake. Alimzika mama yake akampata tena, panga halijapata hata vumbi. Mtu aliyepewa hivyo, utamwambia nini habari za migomba?