Ukurasa Wenye Sahihi ya Mama Sahani

Maabarani walimwita Mama Sahani, kwa kuwa kwa miaka kumi na tisa alilea seli kwenye visahani vya plastiki, akizilisha utadhani amezizaa yeye. Zilikuwa seli za kongosho, zile zinazotoa insulini. Daktari, mtafiti kijana, alipokuja hapo mara ya kwanza, ni Mama Sahani aliyemfundisha kushika pipeti, kile kifaa cha kuvutia matone. Akamwita mwanangu. Daktari naye aliitika vizuri tu, hasa akiwa na shida.

Na shida ilikuwapo: seli zilizoshiba kolesteroli. Insulini zilikuwa nayo tele, imefungwa katika vifuko vidogo vilivyosogea mpaka kwenye utando wa seli. Hapo protini za utando zilitakiwa kuvidaka vifuko hivyo na kuvifungulia nje. Lakini utando ulijaa mafuta, protini zikakwama, na Daktari akakonda kwa mawazo.

Ndipo Mama Sahani akakosea. Alizitia seli dawa ya kunyonya mafuta, ambayo hukaa dakika tano ndani ya kabati la joto. King'ora cha friji kikalia, akakimbilia huko, akaviacha visahani mezani kwenye ubaridi kwa dakika arobaini. Desturi ya maabara ile ni kwamba kosa huandikwa na aliyelifanya, tena kwa sahihi. Aliandika dakika katika daftari lake, na chini kabisa, juu ya sahihi, akaongeza kwamba visahani vilikuwa mezani. Alipopima, insulini ilikuwa imetoka. Akapima tena, ikawa vilevile.

Daktari alimkumbatia. Mwezi mzima akampaka mafuta kwa mgongo wa chupa: jina lako litakuwa la pili, mama, nani kama wewe? Mama Sahani akaamini, akamwambia mpaka dada yake.

Makala ilipotoka aliisoma mara mbili akijitafuta. Hakuwamo, hata kwenye shukrani. Akafungua daftari lake. Ukurasa ule ulikuwa umechanwa, vipande vimebaki kwenye uzi ulioshona kurasa. Iliuma, si kidogo. Angekuwa adui, angejua la kufanya, lakini huyu alikula kwake na kulala kwake. Akaendelea kulisha seli, maana zenyewe hazikumkosea.

Baada ya miezi minne zikaja barua: maabara nyingine zimejaribu njia ile, seli zinakufa. Daktari naye akajaribu, dakika arobaini zilezile, ndani ya kabati la joto. Zikafa. Wakubwa wakampa wiki moja aifanye kazi hiyo mbele yao.

Akavuta kiti, akakaa karibu na Mama Sahani.

"Mama, dakika nilizinakili. Kuna kingine ulichofanya siku ile?"

"Kipo. Niliandika."

"Ule ukurasa niliuchoma. Sikumaliza kuusoma."

Mama Sahani alifungua daftari pale penye uzi, akalisukuma mbele yake.

"Ulikuwa mstari mmoja tu, mwanangu," akasema. "Ulikuwa juu ya jina langu."