Kazi Isiyochafua Gauni

Wifi yangu ni nesi, na kwa ukali hana mpinzani. Wodini wanamwita Kamanda. Wagonjwa wakisikia viatu vyake wanameza vidonge kabla hajafika.

Alipoambiwa ana saratani ya titi, alimshukuru daktari, akarudi kugawa dawa za mchana. Nilimuuliza anajisikiaje.

"Sisikii kitu, wifi. Kama fizi iliyochomwa ganzi."

Jambo moja tu alilishikilia: mama yake asijue. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, alishamzika mume wangu, na Kamanda aliapa hatamtwisha mzigo mwingine. Basi siku za kutundikiwa dripu ya dawa ya saratani alivaa gauni lake jeupe la kazi, akaaga kama kawaida, akaenda kukaa na sare yake kwenye kiti cha wagonjwa. Siku moja dripu ya jirani yake iliisha. Aliinuka, akiburuta stendi ya dripu yake mwenyewe, akaifunga ile ya jirani. Manesi wenzake wakamfokea. Akawajibu, "Mmelala nyie!"

Aliponisimulia nilicheka, kisha nikakasirika. Kuficha ugonjwa nako ni kazi, na mwili wake haukuwa na nguvu za kazi mbili.

"Wahenga walisema, mficha maradhi..."

"Usiimalizie, wifi."



Jioni ile mama mkwe alikuwa uani anaanua nguo. Akalinyoosha lile gauni jeupe.

"Mwanangu, zamani nilisugua madoa ya dawa mpaka vidole vikauma. Siku hizi kuna siku linarudi safi. Kazi gani hiyo isiyochafua?"

Kamanda akanyoosha mkono kulichukua, mama yake hakuliachia.

"Ni titi, eh? Nakuona unavyolala upande mmoja."

"Ndiyo, mama. Sikutaka uumie tena."

"Kaka yako alikufa mimi sipo," mama mkwe akasema. "Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Na wewe unataka kunifanyia hivyo hivyo?"

Hata hapo Kamanda hakulia. Alipokea nguo mikononi mwa mama yake, akasema, "Basi Jumatatu twende wote."

Jumatatu alivaa gauni la nyumbani, akapanda kitanda cha wagonjwa, akalala. Mama yake alikaa pembeni amemshika mkono. Nesi mwenzake alitafuta mshipa, akaukosa, akachoma tena. Kamanda hakumfokea. Aligeuza uso kwa mama yake.

"Mama," akasema, "inauma."