Ekari Tatu za Amuge

Amuge, jirani yangu hapa Buteba, hajui kukaa. Ukimtembelea atazungumza nawe huku anapepeta mtama, na mtama ukiisha atafagia pale pale ulipoweka miguu. Kanisani huinuka katikati ya mahubiri kunyoosha mabenchi. Ni mjane wa miaka hamsini na minane, na sijawahi kuona mikono yake imetulia.

Ndiyo maana nilicheka nilipomsaidia kuandika maombi ya ruzuku. Shirika moja lenye ofisi Tororo lilitafuta wakulima wa kuacha ardhi irudie hali yake, mimea ya asili iote, nyuki wa kienyeji na wadudu wengine wanaochavusha mazao wapate makao. Masharti yalikuwa matatu: usilime, usifyeke, usichome. Kwa mtu mwingine hiyo ni likizo. Lakini Amuge aliitaka ruzuku hiyo kwa moyo wote. Malenge yake yalikuwa yakichanua na maua kudondoka bila kuzaa, kwa kukosa nyuki, na Edeku, shemeji yake, alishamwambia kwamba shamba la marehemu lisipoingiza kitu hadi Machi, atalipanda miwa.

Misimu miwili akajizuia. Magugu yalimfika kifuani, yakatoa maua ya njano na zambarau. Majirani walimuuliza kama anaumwa. Yeye alizunguka mpaka wa shamba asubuhi na jioni, mikono nyuma, akinung'unika.

Kisha simu ikaja kwamba Valarie wa shirika atafika Alhamisi kuhesabu wadudu. Kwetu mgeni hapokelewi porini. Ukisikia anakuja unafyeka, unafagia, unapaka ukuta udongo mpya. Jumatatu Amuge akaja kuazima slasha yangu ya kufyekea nyasi. Nilidhani ni ya uani, nikampa, tena nikamnolea, kisha nikaenda Malaba kwa shughuli zangu. Hadi leo najilaumu.

Niliporudi Alhamisi nilimkuta Valarie amesimama mbele ya shamba lililonyolewa kama kichwa cha mwanafunzi. Amuge, amevaa gomesi, gauni lake la Krismasi, alikuwa anatabasamu. Alikuwa ameita vibarua wawili, na wote watatu hawakupumzika.

"Mama, maua iko wapi?" Valarie akauliza.

"Nimetoa. Ungekuta pori, ungesema mimi mvivu. Wadudu wanajua njia, watarudi."

Valarie akatembea polepole, daftari halijafunguliwa. Tabasamu likamtoka Amuge, akaanza kukunja na kukunjua mkanda wa gomesi.

Nyuma kabisa palikuwa na kichuguu, na robo ekari ya mawe na vichaka ambavyo slasha haikuviweza. Valarie akapiga magoti. Kwenye tundu la kichuguu nyuki wadogo wasiouma walikuwa wanaingia na kutoka.

"Hapa naweza kuandika," akasema. "Kwingine siwezi."

Ruzuku ikaja, ya robo ekari. Machi Edeku alileta trekta. Amuge alisimama mbele ya kichuguu tangu asubuhi hadi trekta ilipoondoka.

Sasa miwa imemzunguka pande tatu. Jana nilimkuta ameketi kwenye kigoda karibu na kile kichuguu, mikono ameikalia. Nikamuuliza kwa utani kama siku hizi hana kazi.

"Hii ndiyo kazi," akasema bila kugeuka. "Na wewe, ile slasha yako, hata nikiililia, usinipe."